Jibu: Kupata mwonekano wa picha za mkanda kwenye kamera ya dijitali

Mkuu, umeuliza kwa nini priseti ulizonunua (mipangilio ya rangi na mwanga iliyotayarishwa kwa ajili ya kuhariri) zinaigeuza ngozi ya bibi harusi kuwa ya rangi ya chungwa na shela kuwa ya kijivu, wakati ulichotaka ni picha zinazofanana na za mkanda, yaani za filamu. Napiga harusi kwa dijitali na kamera ya mkanda bado naibeba, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona kazini.

Kwanza amua unatafuta nini. Priseti nyingi za "kizamani" zinaiga picha iliyochakaa kwenye albamu. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimekuwa nyekundunyekundu kwa sababu samawati ndiyo iliyotangulia kufifia kwenye karatasi, na sehemu nyeusi zikapauka. Siku zilipotoka studio zilikuwa na weusi uliokolea na weupe safi. Shela lako limekuwa kijivu kwa sababu priseti imeshusha weupe wote ili picha ionekane imezeeka. Kwa harusi silitaki jambo hilo kabisa.

Utamu wa mkanda wenyewe uko kwenye mwanga mkali. Negativu ya rangi kama Kodak Portra 400 huvumilia sana mwanga wa ziada, na wapigapicha wengi huipiga kwa makusudi kama ISO 200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kunasa mwanga), yaani huipa mwanga maradufu. Mwanga ukizidi, weupe unapanda polepole na nakshi za kitambaa bado unaziona. Sensa ya dijitali ikijaa imejaa, kilichopotea hakirudi. Kwa hiyo piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata), pima mwanga kwenye shela na ukubali uso utoke na giza kidogo. Ukikaa kuhariri, pandisha mwanga wa kati, kisha ulaze taratibu ncha ya juu ya mstari wa toni (curve, unaopanga giza na mwanga). Hapo umeshafanya zaidi ya nusu ya kazi, na hujagusa rangi hata moja.

Sasa ngozi. Kwa miongo mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zile zinazoitwa kadi za Shirley, na watu weusi wakatoka vibaya kwenye picha zao wenyewe. Inaniuma kuona tunarudia jambo lile lile kwa priseti iliyopangwa kwa ngozi nyeupe. Ngozi zetu ziko zaidi kwenye chungwa na nyekundu. Priseti ikipandisha mwangaza wa chungwa, uso unapoteza kina. Ikiongeza ukolezi, ndiyo hiyo rangi unayoilalamikia. Rudisha mipangilio ya chungwa kwenye sifuri, halafu punguza ukolezi kidogo sana huku ukitazama shavu na paji la uso. Kijani cha majani nacho kipunguze, dijitali hukikoleza mno.

Punje, yaani vile vidoadoa vya filamu, weka mwisho. Kwenye negativu punje huonekana zaidi kwenye toni za kati, ilhali chenga za dijitali (madoa ya sensa) hujaa kwenye vivuli, kwa hiyo kupandisha ISO hakutakupa kitu kile kile. Punje zipime kwa ukubwa ambao mteja ataiona picha, usizipime ukiwa umekuza mara kumi.

Ule mng'ao mwekundu kuzunguka taa kwenye baadhi ya picha ni wa mikanda kama CineStill 800T, ambayo imeondolewa tabaka jeusi la nyuma. Mwanga unapenya, unagonga mgongo wa filamu na kurudi kwenye tabaka la nyekundu. Uweke kwenye taa za ukumbini usiku tu. Mchana hauna sababu ya kuwepo.

Kama bajeti ya programu inabana, darktable na RawTherapee ni za bure na mengi ya haya yanafanyika humo. Na ukimtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama hati, la sivyo punje zote zitageuka mabaka.

Tupia hapa RAW ya picha moja yenye shela na uso pamoja, isiwe imeguswa, tuifanyie kazi.