Kundi la 2: kwa nini haidroksaidi zinazidi kuyeyuka, salfeti zinagoma?

Mkuu, umeuliza kwa nini ukishuka Kundi la 2 la jedwali la elementi (magnesiamu, kalsiamu, strontiamu, bariamu) haidroksaidi zinazidi kuyeyuka kwenye maji ilhali salfeti zinakwenda kinyume, na metali ni zilezile. Nimefundisha mada hii miaka mingi, na hiyo mishale ya kukariri (wa kupanda kwa haidroksaidi, wa kushuka kwa salfeti) waliyokupa wenzangu ndiyo inayowaponza watu kwenye mtihani. Ukisahau mmoja, yote inageuka.

Anza na ukubwa. Ioni (atomu yenye chaji) ya magnesiamu ina nusu kipenyo cha pikomita 72 hivi, ya bariamu 135, na chaji ni ileile ya +2. Ioni ikiwa kubwa, maji huivuta kwa nguvu ndogo zaidi, na yenyewe hushikana kwa ulegevu zaidi na mwenzake wa chaji hasi (haidroksaidi au salfeti) ndani ya fuwele. Vyote viwili vinapungua. Swali ni kipi kinawahi kupungua.

Haidroksaidi ni ioni ndogo, kwa hiyo ukiweka bariamu mahali pa magnesiamu umbali kati ya ioni unaongezeka kwa karibu theluthi nzima. Fuwele inalegea kweli, maji yanaishinda. Salfeti ni pande la ioni, lilikuwa limeshaweka umbali mkubwa tangu mwanzo. Zile pikomita 63 za nyongeza hazibadilishi sana. Fuwele inabaki karibu na uimara wake, huku mvuto wa maji ukiwa umeporomoka. Ndiyo maana bariamu salfeti haiyeyuki.

Kama una maabara, jionee. Tia sodiamu haidroksaidi kwenye chumvi ya magnesiamu: mabonge meupe ya utelezi papo hapo. Kwenye bariamu kloraidi iliyozimuliwa maji yanabaki maangavu, ila angalia, sodiamu haidroksaidi iliyokaa wazi hufyonza kaboni dayoksaidi na kukutolea ukungu wa bariamu kaboneti. Wanafunzi wangu huandika ukungu huo kama jibu. Sasa chukua neli safi zenye chumvi zilezile mbili, tia asidi ya salfuriki nyepesi: magnesiamu kimya, bariamu inageuka maziwa.

Kutoyeyuka huko ndiko kunakomwezesha mgonjwa kunywa bariamu salfeti kabla ya eksirei ya tumbo. Ioni za bariamu ni sumu, lakini humo hazitoki. Kaboneti yake huyeyuka kwenye asidi ya tumbo, na iliwahi kutumika kuua panya.

Usilazimishe hoja ya ukubwa kila mahali, lakini. Magnesiamu huyeyuka kwa joto kwenye 650°C, kalsiamu 842, kisha strontiamu 777 na bariamu 727. Huo mruko unahusu jinsi atomu zilivyopangana ndani ya metali. Na beriliamu iache kando kabisa: vifungo vyake vina tabia kubwa ya kuchangia elektroni, na haidroksaidi yake huyeyuka kwenye asidi na kwenye alkali pia.