Ukipanda Table Mountain, jipange kushuka kwa miguu

Karibu kila anayenitafuta kabla ya kwenda Cape Town huniuliza: kupanda Table Mountain kunachukua saa ngapi? Siku hizi namjibu kwa swali: umepanga kushukaje? Siku niliyopanda mimi, mwezi wa Januari, sikuwa na jibu. Niliona gari la nyaya, lile linaloning'inia kwenye waya na kubeba watu hadi juu, likipanda na kushuka mara kwa mara, nikaamini ndilo litakalonirudisha.

Nilipita Platteklip Gorge, korongo linalopasua uso wa mlima unaotazama mji. Jina ni la Kiafrikana, maana yake jiwe bapa. Njia inaanzia barabara ya Tafelberg, kama kilomita moja na nusu kupita kituo cha chini cha gari la nyaya, na hakuna kiingilio. Haifiki hata kilomita tatu, lakini ndani ya hizo unapanda karibu mita 700, ngazi za mawe mwanzo mwisho. Kama huna mazoezi, weka saa mbili na nusu hadi tatu.

Mimi nilianza saa tatu asubuhi. Nilichelewa sana. Korongo linatazama kaskazini, na kule kusini mwa dunia jua la mchana hukaa upande huohuo, kwa hiyo kadiri unavyopanda ndivyo kivuli kinavyokukimbia. Kufika nusu ya njia nilikuwa nimemaliza lita moja ya maji kati ya mbili nilizobeba. Ningeanza saa kumi na mbili, ningekuwa juu kabla mawe hayajapata moto.

Juu ni kuzuri, sitaki mtu aogope akaacha kwenda. Unatokea kwenye mwanya mwembamba kati ya kuta mbili za mwamba, ghafla mlima unakuwa tambarare, na upepo wa baridi unakupiga kifuani. Pimbi wameanikwa juani kwenye mawe, wala hawakuogopi. Kilele chenyewe, Maclear's Beacon, mita 1,086, kiko upande wa kushoto, mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapo. Mimi nilikata kulia kuelekea kituo cha juu.

Kabla sijafika nikasikia king'ora. Ni ishara ya kuwaita watu warudi kituoni kwa sababu upepo unazidi. Foleni ilikuwa imeshajipinda, na muda si mrefu tukaambiwa gari limesimama. Kwa kweli walifanya sawa, maana upepo ule ungemtoa mtu kofia na miwani. Ni upepo wa kusini-mashariki, na kiangazi huvuma sana. Unasukuma hewa yenye unyevu kutoka baharini, hewa hiyo ikipanda mlima inapoa na kuwa wingu, kisha wingu linamwagikia upande wa mji kama kitambaa kilichotandikwa mezani. Wenyeji wanakiita hivyo hasa, kitambaa cha meza. Ukiwa mjini unapiga picha. Ukiwa ndani yake, jiwe la hatua kumi mbele hulioni, na jasho la kupandia linakugandia mgongoni.

Tukarudi korongoni. Kupanda kulikuwa kumechosha pumzi, ila kushuka kulikula magoti. Ngazi nyingine zinafika nusu ya paja, na mawe yamelainishwa na nyayo za watu wengi. Mama mmoja aliyekuwa na fimbo mbili aliniazima moja, akanionyesha nishuke kiubavu kwenye ngazi ndefu, fimbo itangulie, mguu ufuate. Bila yeye sijui ningefika saa ngapi. Maji yaliniishia njiani.

Kwa hiyo nusu ya maji ni ya kushukia, hata kama una tiketi ya kurudi mfukoni. Beba koti la upepo hata kama mjini watu wako vifua wazi, na tochi, maana simu utaihitaji kupigia. Asubuhi kabla ya kutoka angalia tovuti ya gari la nyaya kama linafanya kazi. Likiwa limefungwa kwa upepo, ahirisha, nenda siku nyingine.

Ukikwama juu, shuka Platteklip uleule. Usivutwe na mstari wa njia ya India Venster kwenye ramani ya simu: unaonekana mfupi, lakini una sehemu za kukwea mwamba kwa mikono. Njia ya Skeleton Gorge nayo ina ngazi za mbao na mawe yenye utelezi, afadhali uipande kuliko kuishuka.

Na usiende peke yako. Wapandaji wamewahi kuporwa kwenye miteremko ya mlima ule. Asubuhi na mapema hukosi vikundi pale mwanzo wa njia. Salimia, omba kuungana nao, na mkubaliane kabisa mtashuka pamoja.