Mzee akizibuliwa mshipa wa shingo, ulizieni kilichonaswa kwenye kichujio

Wengi mmeniuliza inbox kuhusu bamdogo wangu wa hapa Ujiji aliyewekewa stenti (kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa ubaki wazi) shingoni kule Dar, so naandika mara moja. Ushauri wangu ni huu, msiridhike na "imeenda vizuri", ulizieni kichujio kimetoka na nini.

Iko hivi, wanapitia mshipa wa nyongani wanapandisha waya mpaka shingoni, ila kabla ya kutanua palipobana wanafungua kwanza kichujio kidogo kwa juu kuelekea ubongoni, kama wavu wa dagaa vile, damu inapita takataka zinabaki, maana wakijaza kibaluni cha kutanulia, ule utando wa mafuta uliobana mshipa unapasuka na vipande vinachomoka, kikifika kimoja kwenye ubongo basi kiharusi. Matundu yake ni kama maikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo vilivyo vidogo zaidi vinapita tu. Kikitoka kisafi msishangilie sana.

Cha bamdogo kilitoka na punje za njano njano na vinyuzi vyekundu. Yuko macho (ganzi ni ya nyongani tu) akauliza, "Dokta, hayo si mawese yangu?" Nesi alicheka! Maabara wakaona kolesteroli, seli zilizojaa mafuta, chembechembe za chokaa, na damu iliyoganda. Hiyo damu iliyoganda muitilie maanani, ndo maana wanampa aspirini na klopidogreli pamoja, dawa za kuzuia damu isigande, na stenti nayo ni chuma, damu inapenda kugandia hapo. Sasa wazee wetu wakishuka tu stesheni Kigoma wanasema nimepona, dawa kabatini. Hapana aisee, hata statini, dawa ya kushusha kolesteroli, anaendelea nayo.

Kama mzee kavuka 70 ulizeni pia kuhusu upasuaji wa kawaida, ule wa kufungua shingo na kuutoa huo utando. Utafiti wa CREST wa Marekani, matokeo yake yalitoka 2010, watu 2,502, ulionyesha stenti ina viharusi zaidi na upasuaji una mshtuko wa moyo zaidi, na wenye umri mkubwa walifanya vizuri zaidi kwa upasuaji.

Halafu hii ya kuchuana shingo acheni, hata kinyozi mwambieni aishie mabegani. Na mtu mdomo ukipinda, mkono ukafa au jicho moja likaingia giza dakika chache kisha likarudi, msiseme ni upepo umepita, mpelekeni hospitali ya Maweni hapa Kigoma siku hiyo hiyo hata kama anatembea mwenyewe na anagoma kwenda.