Pampu isubiri kwanza

Mwanangu, umebakisha miezi miwili na unauliza ununue nini kati ya pampu, mto wa kunyonyeshea, chupa na krimu ya chuchu. Kwa sasa nunua sidiria mbili za kunyonyeshea, za pamba, zikuzidi kidogo, maana maziwa yakijaa siku ya tatu hivi zile za kawaida zitakubana. Mto, kunja leso. Vitambaa vya kufyonza maziwa kata fulana kuukuu. Kwa joto letu hili la Malindi, vile vyenye plastiki hukuacha na unyevu kutwa.

Pampu, usikimbilie. Mimi niliinunua kabla ya kujifungua, mdomo wake haukunienea, ukanichubua vibaya. Likizo yako ni miezi 3: muombe muuguzi wa kliniki akufundishe kukamua kwa mkono, kisha ndipo uamue. Na ukirudi kazini uulizie chumba cha kunyonyeshea, ni haki yako kwa Sheria ya Afya ya 2017.

Pesa ya pampu ningeiweka kwenye kijisanduku cha barafu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda wa saa 4 kwenye joto la nyuzi 25, na hapa mchana tunazipita. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, huoshwa kwa urahisi kuliko chupa.

Krimu acha. Chuchu ikiuma, mara nyingi mtoto hajashika vizuri: atie mdomoni na ile duara nyeusi inayoizunguka, si ncha tu. Ikipasuka, nenda kliniki siku hiyohiyo.