Nguo za Roma, Paris na Amsterdam mwezi wa saba

Shosti, siku kumi, miji mitatu na kibegi kimoja cha mkononi inawezekana kabisa, ila hivyo viatu virefu unavyotaka kubeba viache nyumbani, Roma katikati ya mji njia nyingi zimetandikwa vijiwe vya mraba, kisigino kikinasa pale umeumia. Raba nyeupe safi na sendo za ngozi, basi.

Rangi chagua tatu zinazoingiliana, mfano nyeupe, bluu na kaki, hapo suruali mbili za kitani na blauzi nne umeshapata mitoko minane, halafu gauni moja refu la pamba la kutokea jioni (Paris mwezi huo jua linazama karibu saa nne usiku, picha utapiga mpaka uchoke). Mtandio usisahau, hata kanga nyepesi inatosha, maana Basilika la Mtakatifu Petro, lile kanisa kubwa la Vatikani hapohapo Roma, mabega au magoti wazi huingii hata kama foleni umepanga. Roma joto linapita nyuzi 30 ila Amsterdam kibaridi cha jioni na mvua za ghafla zipo, kwa hiyo jinzi na koti la mvua vaa kwenye ndege. Kofia utanunua hukohuko.