Stata ya jetiski ikinywa maji ya chumvi, usingoje kesho

Kosa lilikuwa letu wenyewe, siwezi msingizia mtu. Jioni tuliosha jetiski tukafungua nguruzi, vile vizibo vya kutolea maji, yatoke, asubuhi kijana wangu akaisukuma baharini na nguruzi zote mbili ziko kwa mfuko wa suruali yake. Hatukujua kitu mpaka mteja akarudi kutoka huko nje Nyali analalamika mbona chombo kizito hivi, nafungua kiti nakuta ngama, pale chini ndani maji yanapokusanyika, imejaa, na stata, ile mota ya kuwashia injini, siioni, imezama. Nyingi stata inakaa chini kabisa ubavuni mwa injini, so maji yakiingia ndio ya kwanza kuogelea.

Tukaivuta mchangani, tukamwaga, nikatoa plagi nikaangalia kwa silinda, kavu. (Hii usiiruke. Kama maji yameingia kwa silinda na wewe unabonyeza stata plagi ziko ndani, maji hayashindiliwi, kitu kitapinda huko ndani na hapo stata itakuwa shida yako ndogo.) Nikarudisha, nikabonyeza, ikawaka mara moja! Nikasema alhamdulillahi tumeponea, kazi ikaendelea. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumanne nabonyeza nasikia tak. Tena, tak. Basi.

Hiyo tak ni rilei, ile swichi inayopeleka moto wa betri kwa stata, sio stata yenyewe. Anza na betri maana ndio rahisi, ikijaa ni kama volti 12.6, na mtu akibonyeza ikianguka chini ya 10 basi ama betri imechoka ama stata imekwama inakunywa moto bure, jaribu na betri nyingine nzima ujue ni ipi. Yangu betri ilikuwa sawa na moto ulikuwa unafika mpaka kwa stata, haizunguki tu. Mafundi wa ufuoni hupenda kugusanisha vichwa vya rilei na bisibisi, sikatazi, nishafanya mara nyingi, lakini fungua kiti kwanza uache mvuke wa petroli utoke vizuri, cheche moja yatosha kukuchoma.

Toa waya ya negativu kwanza ndio uitoe stata. Kabla hujaifungua ikwaruze mstari na msumari kutoka kifuniko mpaka kwa mwili ujue vilikuwa vimekaana vipi, na piga picha za washa, zile ringi nyembamba, maana ukizichanganya utarudi hapo hapo. Boliti zake ndefu zikiwa na kutu zimwagie mafuta zilale usiku, ukizilazimisha zinakatika. Na usigonge mwili na nyundo, ndani kuna sumaku zimegundishwa na zinavunjika kama sahani.

Yangu kufungua ikamwaga uji. Sitanii, uji wa wimbi kabisa, kutu na chumvi na unga wa kaboni. Kaboni moja, kile kipande kinachopeleka moto kwa shaba inayozunguka, ilikuwa imeganda kwa nyumba yake, springi inaisukuma haiendi, kwa hivyo haigusi shaba, na kisa chote kilikuwa hicho. Kama ningeifungua ile Ijumaa ingekuwa kazi ya kupangusa tu.

Sasa wengi hapa hukimbilia petroli. Petroli haitoi chumvi! Osha na maji matamu kwanza, halafu ile dawa ya spreyi ya kusafisha umeme, halafu ianike siku nzima. Shaba isugue na msasa laini wa karatasi, ule wa chuma achana nao, chembe zake zinapitisha moto, na zile nafasi katikati ya shaba zichokoe na kijiti cha meno. Kisha tasta, ile mita ya kupimia moto, iweke kwa mlio, mguu mmoja kwa shaba mwingine kwa shafti, ikilia moto unavuja, umekwisha, mpelekee fundi wa kusuka mota ama ununue nyingine. Yangu haikulia. Kaboni mpya nilizopata zilikuwa nene kidogo, mzee mmoja wa stata za magari akanisugulia mpaka zikateleza zenyewe, akaniambia kaboni ikibana ni kama haipo. Biringi nikabadilisha, namba imeandikwa ubavuni.

Oringi na sili usirudishe za zamani hata zionekane nzima, ndio mlango wa maji. Zipake grisi ya majini kidogo, isifike kwa kaboni.

Kabla hujairudisha ibane kwa jiliwa ujaribu na waya za betri, ukiishika na mkono itaruka kama kuku aliyechinjwa, na usizidishe sekunde chache. Na pale inapokalia kwa injini pakwangue pang'ae, negativu inapita hapo.

Imefanya kazi kusi nzima haijalalamika. Jioni tukifungua nguruzi siku hizi tunazifunga kwa ile kamba ya kuzimia injini, hauwezi washa bila kuzishika. Kijana hajapenda, anasema zinamgonga mkononi.