Sampuli za mimea huharibika siku ya kwanza

Mwanafunzi mmoja ameandika kuuliza kwa nini majani aliyokusanya Amani, Usambara Mashariki, yameota ukungu na kuwa meusi kabla wiki haijaisha. Sababu ni gazeti lililolowa, lile analobania majani ili yakauke. Gazeti la kwanza ndilo linalonyonya maji mengi, kwa hiyo libadilishe kabla saa 24 hazijapita, kisha kila siku, mpaka jani ukiligusisha shavuni lisiwe na ubaridi.

Panga katoni, gazeti lenye mmea, katoni tena. Matundu ya pembeni mwa katoni yote yaelekee upande mmoja ili hewa ya moto ipenye. Funga rundo kati ya fremu mbili za mbao, sentimita 30 kwa 45, kwa mikanda miwili. Kaza mikanda kila asubuhi: mmea unapokauka hupungua unene, mkanda hulegea na jani hujikunja. Moto uwe wa mbali, nyuzi 40 hadi 50. Ukizidi, unalipika jani.

Mvua ikiwazidi na hamna pa kukaushia, tieni rundo la magazeti kwenye mfuko mzito wa plastiki, mwagieni spiriti ya asilimia 70 mpaka yalowe, mfunge. Litakaa wiki kadhaa bila kuoza. Ila rangi hupotea na vinasaba huharibika, basi kabla ya spiriti kata vipande vya jani changa, utie kwenye silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu, yenye uzito mara kumi ya jani.

Kuna mengine gazeti haliyawezi. Tunda la msambu, mti wa misitu ya Usambara, ni kubwa mno: likaushe pembeni, na kikaratasi chake kiwe na namba ileile ya tawi. Msambu una miti dume na miti jike, hivyo andika umekata upi.

Na muandike palepale mtini, jamani, kwa penseli, maana wino huchuruzika kwenye spiriti! Rangi ya ua, harufu, utomvu, urefu wa mti, mwinuko, jina la Kisambaa. Mmea uliokauka vizuri usio na maelezo haya ni kuni tu. Tawi lisilo na ua wala tunda liacheni.

Vibali vitangulie safari. Mmea ukiwa haba, piga picha uuache. Ukiwa mwingi, kata matawi matatu yenye namba moja, na moja libaki kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya hapa nchini, Arusha au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.